Mungu Amesema Naye. Je, Mama Watoto Ameulizwa?

Ukitaka kujua kanisa la mjini linavyochangamka, subiri wakati wa ushuhuda. Kinanda kinapigwa chinichini, mikono iko juu, na kijana wa miaka thelathini na kitu anapokezwa kipaza sauti. Anatangaza kwamba Mungu amesema naye usiku: aache kazi, aingie kwenye huduma moja kwa moja. Vigelegele vinapasuka. Mchungaji anamwekea mikono. Mstari wa tatu kutoka mbele ameketi mkewe, mtoto mapajani, naye anapiga makofi kama wengine, ila usoni anaonekana kabisa kwamba habari hiyo ameipata muda uleule walioipata watu wote.

Mambo haya yamezoeleka kuanzia Mbagala hadi Mbeya, kuanzia Kayole hadi Kisumu, na hakuna anayeshtuka tena. Ni vyema mtu akashtuka. Si kwa sababu Mungu haiti watu. Mkristo asiyeamini kwamba Mungu huita, kanisani anafuata nini? Kinachosumbua ni mwendokasi. Kati ya sauti ya usiku na barua ya kuacha kazi ya Jumatatu hapana hata wiki moja ya kuuliza. Na kumuuliza Mungu, kwa jinsi Biblia na historia ya Kanisa zinavyoonyesha, ni kazi yenye muda wake na mashahidi wake, na shahidi wa kwanza ni yule anayelala nyumba moja na aliyeitwa. Mtu ambaye hajakubali kuhojiwa juu ya wito wake bado hajauliza. Amejitangazia tu.

Gharama zenyewe zinafahamika. Sheria ya kazi ya Tanzania humtaka mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya siku 28, kwa hiyo nyumba ina takriban mwezi mmoja wa kujipanga. Kadi ya bima ya afya iliyombeba mwajiriwa, mwenza wake na wategemezi wao inakoma pamoja na ajira. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, na huduma mpya nayo inahitaji mahali: turubai, viti vya plastiki vya kukodi, spika mbili, jenereta kwa siku ambazo umeme umekatika. Mke aliyekuwa anauza vitenge anaamka amekuwa Mama Mchungaji, cheo kisicho na mshahara lakini chenye wageni wa chakula cha mchana kila Jumapili. Watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na wanaambiwa waombe.

Wapo waliopita njia hiyo na Mungu akawafungulia milango, na leo makanisa yao yanasimamisha shule na zahanati. Hao ndio wanaoalikwa kwenye makongamano kushuhudia. Wale ambao turubai lilirudishwa kwa mwenyewe baada ya miezi minane hawaalikwi popote.

Mbio za Ahimaasi

Mahubiri mengi juu ya wito huanzia kwa Samweli, na si vibaya. Mtoto yule aliisikia sauti ya Mungu mwenyewe, wala haikuwa ndoto ya shibe, na bado alikosea mara tatu akidhani ni Eli anayemwita. Aliyemsaidia kuitambua ni mzee aliyekuwa anapoteza macho, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imemshinda. Yaani Mungu hakuona aibu kumtumia mlezi dhaifu. Alichokataa ni Samweli kujitafsiria peke yake.

Lakini kuna kijana mwingine ambaye hahubiriwi sana, naye ndiye anayefanana zaidi na nyakati hizi. Anaitwa Ahimaasi mwana wa Sadoki. Vita imekwisha, Absalomu ameuawa, na lazima mtu ampelekee Mfalme Daudi habari. Ahimaasi anataka kukimbia. Yoabu, jemadari, anamzuia: si siku yako, mwana wa mfalme amekufa. Anatumwa Mkushi badala yake. Ahimaasi anang'ang'ania, Yoabu anamuuliza anakimbilia nini wakati hapati ujira wowote, yeye anasema liwalo na liwe, atakimbia tu. Mwisho Yoabu anachoka, anamwachia.

Ahimaasi ana miguu. Anakata njia ya uwandani, anampita Mkushi, anaingia wa kwanza. Mlinzi akiwa juu ya lango anamtambua kwa namna anavyokimbia, na Daudi anasema huyo ni mtu mwema, bila shaka analeta habari njema. Kisha mfalme anauliza swali moja tu, swali la baba: kijana Absalomu yu salama? Hapo mkimbiaji hodari anaanza kubabaika. Aliona kishindo kikubwa, anasema, ila hakujua ni cha nini. Daudi anamwambia akae kando. Anasimama pembeni, jasho likimtoka, akimsubiri aliyetumwa kweli.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ahimaasi hakuwa mhuni. Alikuwa mwana wa kuhani, mwaminifu kwa mfalme, mwenye kipaji kinachoonekana kwa mbali. Alichokosa ni kutumwa. Na madhabahu za siku hizi zimejaa vijana wa namna hiyo: sauti nzuri, nguvu, ujasiri wa kushika maiki, wanaotambulika kwa mbio zao hata kabla hawajafika. Msiba unapoingia nyumbani kwa muumini, mtoto amefariki, ndoa imevunjika, daktari ametoa majibu mabaya, wanaulizwa lile swali moja, na inaonekana waziwazi kwamba walichonacho ni kishindo.

Dorothy

Ukitafuta kisa kinachobeba uzito wa jambo hili katika nyumba, usitafute kwa matapeli. Kitafute kwa mtu ambaye wito wake hauna shaka.

William Carey alikuwa fundi viatu wa Kiingereza aliyekuja kuwa mchungaji wa Kibaptisti. Oktoba 1792, katika mji wa Kettering, yeye na wachungaji wenzake waliunda chama cha kupeleka Injili nchi za mbali, na mwaka uliofuata Carey akakubali kwenda India. Huko alitafsiri Biblia, nzima au sehemu, katika lugha nyingi za Asia, akasaidia kuanzisha chuo cha Serampore, na Wakristo wengi humwita baba wa umisionari wa kisasa. Hayo yote ni kweli.

Mkewe Dorothy alikuwa mjamzito wakati uamuzi ulipofanyika. Hakuwahi kusafiri mbali na kwao. Alikataa kwenda. Carey akaamua kutangulia na mtoto wao mkubwa, Felix, akimwacha mke na wadogo Uingereza. Meli ya kwanza ikakwama kwa ajili ya vibali, kwa kuwa kampuni iliyotawala biashara ya India haikutaka wamisionari. Carey akarudi nyumbani, akamkuta Dorothy amejifungua, mtoto ana wiki chache tu. Akamwomba tena, Dorothy akakataa tena. Mwenzake Carey, daktari John Thomas, akarudi mwenyewe kumbembeleza na kumtisha kwamba akibaki atajuta maisha yake yote. Dorothy akakubali kwa sharti moja: ndugu yake wa kike, Kitty, aende naye. Juni 1793 wakapanda meli ya Kidenmaki, yeye na kichanga chake.

Mwaka 1794 mwanao Peter, mwenye umri wa miaka mitano, alikufa kwa ugonjwa. Dorothy hakuwahi kupona. Akili yake ilivurugika, akamshutumu mumewe kwa mambo ambayo hayakuwepo, ikafika mahali akalazimika kufungiwa chumbani. Aliishi hivyo hadi alipofariki Desemba 1807, huku mumewe akiendelea na tafsiri zake katika nyumba hiyohiyo.

Je, Carey hakuitwa? Hakuna sababu ya kusema hivyo. Swali ni jingine: katika miezi ile yote ya vikao na maombi, nani alimuuliza Dorothy akiwa na nia ya kusikia jibu? Alibembelezwa, akatishwa, akapewa saa chache za kufungasha. Hakuulizwa. Huenda Mungu alikuwa akisema na Carey kupitia kinywa cha mkewe: si mwaka huu, si na kichanga hiki. Mtu aliyeamini kwamba Mungu anaweza kunena kwa Kibengali angeweza kuamini pia kwamba anaweza kunena kwa mama aliyetoka kujifungua.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Wazee wa kanisa wanaomshangilia kijana aliyeacha kazi hawatakuwepo saa nane za usiku mtoto akipata homa na kadi ya bima haisomi. Atakuwepo mkewe. Ndiyo maana neno lake lina uzito kuliko makofi ya ibada nzima, na mwanamume anayesema mke wangu hana imani, nimemwacha nyuma kiroho, ajue amelirusha dirishani jibu ambalo huenda lilikuwa limetoka kwa yule anayemuuliza.

Kawia ufike

Watetezi wa haraka wana hoja yao, na ni nzito. Sauli alianguka chini njiani kuelekea Dameski na siku chache baadaye alikuwa anahubiri. Wavuvi waliacha nyavu papo hapo. Mungu akisema leo, nani wewe wa kumwambia asubiri kikao cha wazee?

Tuchukue basi kisa hichohicho cha Sauli. Wakati yeye amekaa kipofu pale Dameski, Mungu alisema na mtu wa pili, Anania, ambaye hakumpenda Sauli na alikuwa na kila sababu ya kukataa. Wito uliothibitishwa na adui yako si sawa na wito uliothibitishwa na rafiki zako wa kikundi cha maombi. Kisha Paulo mwenyewe anasimulia kwamba alikwenda Arabuni, na ilipita miaka mitatu kabla ya kupanda Yerusalemu kuonana na Petro. Safari yake kubwa ya kwanza haikuanza kwa ndoto yake: kanisa la Antiokia lilikuwa katika ibada na mfungo, Roho akasema na kusanyiko, wakamwekea mikono yeye na Barnaba. Na hata maono yale ya mtu wa Makedonia yalikuja baada ya kuzuiwa kuhubiri Asia na baada ya Bithinia kufungwa. Aliyeona maono ni Paulo, ila waliokaa wakahitimisha kwamba Mungu amewaita huko ni kundi zima.

Nehemia naye aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia siku hiyohiyo, lakini kwa mfalme hakusema neno tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, kama miezi minne hivi. Muda wote huo aliendelea na kazi ya unyweshaji. Alipopata nafasi, akajua hata barua anazohitaji na jina la mtunza msitu atakayempa mbao. Anayedhani maombi humfanya mtu asihesabu gharama hajamsoma Nehemia.

Kanisa Katoliki limefanya kungoja kuwa sheria. Anayetaka utawa hawezi kuweka nadhiri kabla ya unovisi wa miezi isiyopungua 12; nadhiri zake za kwanza ni za muda, miaka mitatu kwa uchache, ndipo zije za daima. Frateri anayeelekea upadre hupita falsafa na teolojia kwa miaka mingi, na kati ya ushemasi na upadre lazima ipite angalau nusu mwaka. Laurean Rugambwa wa Kagera, aliyebatizwa mwaka 1921 akiwa mtoto, alipewa daraja ya upadre mwaka 1943 baada ya seminari iliyomfikisha hadi Katigondo, Uganda. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba alichelewa.

Hata Mama Teresa alisubirishwa. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa kwenye treni kuelekea Darjeeling, aliamini ameitwa kutoka katika shirika lake la Loreto ili aishi na maskini wa Calcutta. Alimweleza padre aliyemlea kiroho, na padre akampeleka kwa Askofu Mkuu Ferdinand Périer. Askofu akasema subiri. Sista akaandika barua baada ya barua, kwa lugha ya mtu anayeungua. Askofu akazidi kuuliza maswali, na katika kipindi hicho sista alihamishiwa Asansol, mbali na jiji alilolililia. Aliondoka Loreto Agosti 1948, karibu miaka miwili baada ya ile treni. Askofu hakuwa mpinzani wake. Alitaka kuona kama moto ule utazimika ukinyimwa hewa, na haukuzimika. Mwaka 1968 masista wa shirika lililozaliwa katika kusubiri huko walifungua nyumba Tabora.

Ndugu walioletana nuruni

Waprotestanti wa Afrika Mashariki hawahitaji kuazima mfano Roma. Wanao wa kwao. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulijenga desturi ya ushirika ambapo ndugu hawakufichana kitu. Aliyetaka kuoa, kuhama au kuanza huduma alilileta jambo lake mbele ya wenzake, likaombewa na kuhojiwa. Desturi hiyo ilikuwa na ukali wake, na wengine walionewa nayo; kikundi chaweza kumkandamiza mtu kama vile mtu awezavyo kujidanganya. Bado, penye wazee haliharibiki neno.

Humo alitokea Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi. Kwa simulizi yake mwenyewe, agizo la mwanzo alilopata baada ya kuokoka halikuwa kuhubiri. Lilikuwa kupanda baiskeli, maili 50, kwenda kumwomba radhi mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Baadaye yeye na mkewe Merab waliamini wameitwa kuvuka mpaka, wakaenda Dodoma, na huko Kivengere akafundisha shule kwa zaidi ya miaka 10. Alihubiri, naam, lakini mkate wake ulitoka kwenye chaki. Ukasisi aliupata miaka ya 1960, akiwa mtu mzima mwenye familia. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi, na mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin, ilimbidi atoroke usiku na Merab kupitia milimani.

Miaka ile ya Dodoma ndiyo inayosahaulika anaposimuliwa. Kama angekuwa kijana wa leo, angeambiwa anaipoteza karama yake darasani. Kumbe sehemu kubwa ya tatizo ni hii: madhabahu imefanywa kuwa anwani pekee ya wito. Muuguzi wa zamu ya usiku, fundi bomba asiyeiba vipuri, karani wa mahakama asiyepokea kitu kidogo, hao wanaambiwa bado hawajaingia kwenye huduma. Basi mtu akihisi Mungu anamgusa, njia anayoijua ni moja, nayo inapita kwenye barua ya kuacha kazi.

Serikali haiwezi kusikia kwa niaba ya kanisa

Nchi zimeanza kuchoka. Rwanda mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 jijini Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, kisha ikapitisha sheria inayowataka viongozi wa dini wawe na shahada ya masomo ya dini. Mwaka 2024 ukaguzi mwingine ukafunga nyumba za ibada kwa maelfu. Kenya iliingia katika mjadala kama huo baada ya Aprili 2023, pale msitu wa Shakahola, Kilifi, ulipoanza kufukuliwa na miili zaidi ya 400 ikapatikana, watoto wengi miongoni mwao. Waliopotea pale walikuwa familia zilizouza mali na kuacha kazi kwa sababu mtu mmoja alisema amesikia, na hakukuwa na mwingine mwenye nafasi ya kumuuliza amesikia nini. Tanzania hupitisha usajili kwa Msajili wa Jumuiya, akiangalia katiba, majina na anwani.

Majengo salama ni jambo jema, na elimu ya teolojia ingewaepusha waumini na mengi. Lakini shahada haimwambii mtu kama ametumwa. Afisa wa wizara anaweza kukagua vyoo na milango ya dharura. Hawezi kumkalisha kijana chini na kumuuliza kwa nini ndoto yake imekuja mwezi uleule aliogombana na bosi wake. Hilo ni la wazee wa kanisa, na wakiliacha, serikali italichukua kwa rungu.

Makanisa yenye mpangilio tayari yana pa kuanzia: Walutheri wa KKKT na Waanglikana hawampeleki mtu chuo cha teolojia bila usharika au mtaa wake kumpendekeza. Shida ni kwamba pendekezo hilo mara nyingi ni barua ya ukurasa mmoja yenye mhuri, inayosema ndugu huyu ni mwaminifu na anaimba kwaya. Na makanisa ya kujitegemea, ambako wengi wa hawa vijana wako, hayana hata barua hiyo.

Kinachohitajika hakigharimu hela. Baada ya ushuhuda wa namna ile, mchungaji asiweke mikono siku hiyohiyo. Aunde kikao cha watu watatu au wanne, mmoja wao asiwe rafiki wa aliyeitwa. Kikao kiulize mambo ya kawaida kabisa: ana madeni gani, amewahi kumtii kiongozi asiyempenda, tayari anafanya nini bila kipaza sauti, na kama Mungu akisema abaki kazini miaka mitano zaidi atakubali. Kisha mkewe, au mumewe ikiwa aliyeitwa ni mwanamke, aitwe peke yake, mwenza asiwepo chumbani, na aambiwe wazi kwamba hakuna atakayemwita mpungufu wa imani. Akisema bado, kikao kipange tarehe nyingine ya kumsikiliza, hata kama itakuwa mwakani, na aliyeitwa arudi ofisini Jumatatu kama kawaida.